Mke Wangu, Bastola na Kifuniko cha Soda

Ukimwambia mtu wa Manzese kwamba mkeo anashindana kupiga bastola, usitegemee akuulize amepata pointi ngapi. Kwanza atacheka. Akimaliza kucheka ataleta swali ambalo mimi nimelisikia mpaka nimelikariri: "Sasa mkigombana inakuwaje, kaka?" Kinyozi wangu pale Tip Top ameniuliza. Shangazi yangu kaniuliza, tena kwa sauti ya chini kama yuko msibani. Hata bosi wangu mjini, mtu wa shahada mbili, aliniuliza ndani ya lifti.

Jibu langu ni fupi. Hiyo bastola sijawahi kuiona. Mke wangu ni askari katika mojawapo ya majeshi yetu, silaha inalala ghalani huko kambini, inasainiwa ikitoka na inasainiwa ikirudi. Yeye anarudi nyumbani na mwendokasi, anashuka kituo cha Manzese na mkoba wake wa chakula na raba za mazoezi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mtaani wanamwita Afande. Zamani nilikuwa namwita jina lake, lakini jina la mtaa lina nguvu, siku hizi na mimi ni Afande, Afande, mpaka kwenye mambo ambayo hayana uafande wowote ndani yake.

Mimi ni mhasibu. Silaha yangu ni kikokotoo. Tulipooana sikujua tofauti ya bastola na bunduki zaidi ya urefu wake. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, hapa usitegemee darasa la mtaalamu. Ni maelezo ya mume aliyekaa pembeni miaka minne akishika saa, akijaza maji kwenye chupa na kuandika tarakimu kwenye daftari, na ambaye mwaka huu alikutana na swali ambalo daftari halikuwa na jibu lake.

Mchezo wa milimita

Wengi tunadhani kulenga shabaha ni jicho kali. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka Afande alipochukua kipande cha karatasi na kunichorea. Shabaha ya bastola ya mita 25 ina duara jeusi lenye upana wa milimita 200, yaani kama sahani ya chai. Katikati kuna duara la pointi 10, lina milimita 50. Sasa weka hiyo sahani umbali wa mita 25, ambao ni kama mabasi mawili ya kawaida yaliyofuatana, halafu nyoosha mkono mmoja, bila kuegemea popote.

Juu ya bastola kuna alama mbili za kulengea, moja nyuma yenye mfereji na moja mbele kama kijino. Kijino kinatakiwa kikae katikati ya mfereji, nafasi sawa kushoto na kulia, vichwa vikiwa sawa juu. Ukikosea kijino kwa milimita moja tu, kwenye bastola ya kawaida ya kazi risasi itaangukia zaidi ya sentimita 15 mbali na pale ulipotaka. Hiyo imetoka kabisa nje ya weusi. Mkono ukitikisika bila kuharibu ule mpangilio, hasara ni ndogo kuliko hiyo. Ndiyo maana wapigaji wazuri hawaiangalii shabaha. Wanaangalia kijino, shabaha inabaki ukungu kule mbele. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilibisha nusu saa nzima.

Kanuni za shirikisho la kimataifa, ISSF, kwa bastola ya mita 25 ya wanawake zinataka risasi 60. Thelathini za kwanza ni za utulivu, tano tano, kila tano zina dakika 5. Thelathini za mwisho ndizo zinazotoa jasho: shabaha inakugeukia kwa sekunde 3, inageuka pembeni kwa sekunde 7, halafu tena, na kila ikigeuka unapiga moja tu. Kabla ya hapo mkono uwe umeshuka chini. Sekunde 3 za kuinua mkono, kupanga kijino na kuvuta. Mashindano ya majeshi yetu, yale yaliyo chini ya BAMMATA, yana taratibu zake, ila msingi wa mkono na jicho ni huo huo.

Najua kuna msomaji anayejiuliza kama raia wa kawaida anaweza kujaribu. Hapa kwetu kumiliki silaha kunasimamiwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mlango wake ni polisi. Kuwa na kibali cha kujilinda na kuwa mwanamichezo ni vitu viwili tofauti. Wenzetu wa Kenya wamefika mbali kidogo. Pale Kirigiti, Kiambu, raia wenye leseni wanashindana kwa mtindo wa IDPA, ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, ambao unakutaka upige ukitembea, ukijificha nyuma ya ukuta, ukibadilisha magazini, na muda wako unahesabiwa pamoja na makosa yako. Kuna ndugu yake mkubwa zaidi, IPSC, wa tangu 1976, ambao unagawa pointi kwa sekunde ulizotumia. Yaani ukipiga vizuri ukachelewa umeumia, na ukiwahi ukakosa umeumia vile vile. Afande anaitamani sana hiyo. Mimi nikiangalia video zake kwenye simu mapigo ya moyo yanapanda.

Mazoezi bila bastola

Sasa tuje kwenye swali la msingi. Mtu anayeshika bastola mara moja au mbili kwa wiki, tena kwa risasi za kuhesabu, anaboreka vipi? Nyumba yetu ipo Midizini, vyumba viwili na sebule, ukuta mmoja tunachangia na jirani mwenye cherehani tatu. Kituo cha mazoezi ndicho hicho.

Kocha wake, mzee mmoja wa cheo cha sajini ambaye ameshastaafu ila hajaacha kufundisha, alimpa hesabu nzuri sana. Kifuniko cha soda kina upana wa milimita 32. Ukikibandika ukutani na kusimama mita 4, jicho linakiona kwa ukubwa ule ule ambao linauona weusi wa shabaha kwenye mita 25. Nilipima kwa futi kamba. Kutoka mlango wa sebule, kupitia mlango wa chumbani, mpaka ukuta wa kabati, ni mita 4 na kidole. Kifuniko kikapakwa wino mweusi, kikabandikwa. Wageni wanadhani ni msumari.

Kifaa cha pili ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu, na bastola ya kazi hata ikiwa imejaa haifiki uzito huo. Anasimama, miguu upana wa mabega, mkono wa kushoto mfukoni, anainua chupa mpaka kwenye kifuniko, anashikilia sekunde 10, anashusha, anapumzika sekunde 30. Mara 20. Ile ya mkono mfukoni nilidhani ni mapozi, mpaka mwaka 2024 dunia nzima ilipomshangaa yule Mturuki, Yusuf Dikeç, pale Olimpiki ya Paris. Alikuwa na miaka 51, amevaa fulana na miwani ya kawaida, mkono mfukoni, akaondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Watu wakatengeneza vichekesho usiku kucha. Afande hakucheka, alisema, "Mkono wa bure usipofungwa sehemu moja unayumbisha mwili mzima, baba. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua."

Kifaa cha tatu nakipenda zaidi kwa sababu nilikinunua mimi: chupa ya kunyunyizia maji, ile ya saluni. Kazi yake ni kidole. Kosa kubwa la wapigaji wengi ni kwamba wakivuta triga, vidole vyote vinakaza kwa pamoja, kama mtu anayekamua embe. Bastola inayumba wakati risasi bado iko ndani. Kwa hiyo anashika chupa ya saluni kwa nguvu ile ile bila kubadilisha, halafu anavuta kwa kidole kimoja tu, polepole, moja kwa moja kurudi nyuma, mpaka maji yatoke bila yeye kujua sekunde kamili yatakayotoka. Mshtuko ukimkuta mwenyewe, amefanya sawa. Chumba kinalowa, lakini ndiyo ndoa.

Kuna jambo moja la tabia niliseme hapa. Afande hajawahi kunielekezea ile chupa. Hata ya maji, hata kwa utani. Nikipita mbele yake anashusha mkono, kidole kinatoka kwenye kifyatulio, anasubiri. Sheria za usalama anazo kwenye mishipa: kila silaha ichukulie imejaa, usielekeze mdomo wake mahali usipotaka kuharibu, kidole nje mpaka uwe umelenga, ujue kilichopo nyuma ya shabaha yako. Nimewahi kuwaza kwamba tungekuwa tunazungumza wote kwa adabu hiyo, hasa ile ya kujua kilichopo nyuma, kesi za ndoa Bongo zingepungua. Tuendelee.

Kazi yangu mimi ni saa na daftari. Kwa zile sekunde 3 na 7 napiga makofi: paa, anainua, paa, anashusha. Jirani wa cherehani aliuliza kama tumejiunga na kwaya.

Daftari lisilo na pointi

Mwaka wa kwanza daftari letu lilijaa pointi. Leo 241, leo 252, leo 238. Kocha akalichukua siku moja, akalisoma, akalirudisha na maneno machache: hii ni risiti, siyo mafunzo. Tangu hapo tunaandika vitu vingine. Aliona kijino wakati risasi inatoka, ndiyo au hapana? Alivuta kwa pumzi gani? Baada ya mlio, alibaki ameshikilia au alichungulia kuona alipopiga? Pointi zinaandikwa nyuma ya ukurasa, kwa penseli.

Na kweli daftari lilitoa siri. Wiki za uchovu, risasi zake zilikuwa zinaanguka chini kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo ni alama ya mtu anayeogopa mlio kabla haujalia. Mwili unajiandaa kwa kishindo, mkono unasukuma chini. Dawa yake ni ya ujanja: kocha anapanga magazini kwa siri, anachanganya risasi za kweli na za bandia. Mpigaji akifika kwenye ya bandia akavuta, bastola haitoi mlio, lakini mdomo unainama wenyewe mbele ya watu wote. Afande aliniambia siku ya kwanza aliona aibu kuliko siku ya kutambulishwa kwa mama yangu. Baada ya wiki tatu za risasi za bandia kundi lilirudi katikati.

Mchecheto ni habari nyingine. Tulikaa jioni moja tukaangalia video ya Kim Yeji wa Korea Kusini, yule dada mtulivu aliyekuwa gumzo mwaka 2024. Alipata fedha ya bastola ya upepo ya mita 10, dunia ikampenda, na siku chache baadaye kwenye mita 25 alichelewesha risasi moja kupita zile sekunde 3. Risasi hiyo ikahesabiwa sifuri. Fainali ikamponyoka hapo. Risasi moja kati ya 60! Nilifikiri Afande ataogopa. Yeye aliirudia mara sita, halafu akasema kinachomvutia ni ile iliyofuata baada ya sifuri. Ya sifuri imeshakwenda, haina mwenyewe.

Wapenzi wa habari za mahusiano mtapenda zaidi ile ya Mhindi Manu Bhaker. Mwaka 2021 aliingia Olimpiki ya Tokyo ameshatengana kwa ugomvi na kocha wake, Jaspal Rana. Katikati ya mashindano bastola yake ikaharibika, dakika zikaenda, fainali ikamkosa. Baadaye wakakaa chini wakapatana, na Paris 2024 akapata shaba mbili, moja yake mwenyewe na moja pamoja na Sarabjot Singh. Tangu India ipate uhuru hakuna mwanamichezo wake aliyewahi kupata medali mbili kwenye Olimpiki moja kabla yake. Mimi sijui nani alimwomba radhi nani, na nadhani hata wao hawahesabu.

Ya Károly Takács wa Hungaria ni ya zamani, lakini kila mpigaji anaijua. Mwaka 1938 bomu la mkono liliuharibu mkono wake wa kulia, mkono wa kupigia. Akajifunza upya kwa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948, akarudia Helsinki 1952. Picha yake iko nyuma ya mlango wetu wa chumbani. Mama mkwe alidhani ni babu yangu.

Wiki ya mashindano

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu mengi ni ya kawaida. Chai na kahawa zinapunguzwa siku tatu kabla, mikono itulie, siyo siku ile ile maana kichwa kitauma. Hakuna viatu vipya, hakuna miwani mipya, hakuna mbinu mpya iliyosomwa intaneti jana usiku. Chakula ni kile kile alichozoea; Afande anakula viazi vya kuchemsha na yai, anabeba ndizi. Dawa za kutuliza mapigo ya moyo, zile wanazopewa wagonjwa wa presha, ni marufuku kabisa kwenye mchezo huu, ndani na nje ya mashindano, kwa hiyo ukiandikiwa dawa yoyote hospitali sema kwamba wewe ni mwanamichezo wa shabaha.

Usingizi ndio mtihani. Manzese hailali. Ijumaa kuna kigodoro upande huu, baa upande ule, na saa kumi alfajiri daladala ya kwanza inaita abiria. Tulijaribu kumpeleka kwa dada yake Mbezi, usiku mmoja, akarudi amechoka zaidi kwa sababu ya ukimya. Sasa analala na vile vizibo vya masikio anavyotumia kwenye kiwanja cha shabaha. Mimi nalala bila vizibo, nikisikia kila kitu, na hiyo ndiyo sadaka yangu.

Na lile swali ambalo washkaji zangu wananiuliza kwa kunong'ona, kama tunalala mbalimbali wiki ya mashindano: hapana. Kocha hajakataza na mimi sijamkumbusha.

Mistari miwili

Mwaka huu Afande alikuwa na namba ya uhakika kwenye timu ya kikosi chake. Mwezi Februari mkono ulikuwa umetulia kuliko wakati wowote, daftari linasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwezi Machi, Jumamosi asubuhi, alitoka chooni akaniwekea kipimo mezani, kando ya chupa ya saluni. Mistari miwili.

Mpenzi msomaji, inabidi ujue kwamba mimba yetu ya kwanza ilitoka miaka miwili iliyopita, wiki ya kumi na moja. Hatukuambiwa sababu, na wala hakuna aliyelaumiwa. Tangu hapo tulikuwa tunajaribu bila kutangaza. Kwa hiyo ile asubuhi hakuna aliyeshangilia. Tulikaa kimya, kila mtu anaangalia mistari, na jirani anashona.

Swali lilikuja jioni. Anaendelea au anaacha? Mama yangu alipojua alikuwa na jibu tayari, tena la sauti ya juu. Mkubwa wake mmoja wa kike kazini, kwa nia njema, alimtumia habari ya Nur Suryani Taibi wa Malaysia, ambaye mwaka 2012 alishindana Olimpiki ya London akiwa na mimba ya miezi minane. Ni kweli kabisa. Lakini Afande alisoma mpaka chini akaniambia, "Yule alipiga bunduki ya upepo, mita 10. Mimi napiga baruti."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho lugha yetu ilikuwa inanionyesha siku zote nisikione. Risasi ya bunduki na madini ya risasi ni neno moja. Ile kokwa inayotoka ina madini ya risasi, na kiwashio cha nyuma ya ganda mara nyingi nacho kina mchanganyiko wa madini hayo hayo. Kila mlio unatoa moshi na vumbi lake, linakaa kwenye vidole, kwenye nywele, kwenye sare. Likiingia mwilini linakwenda mpaka kwenye mifupa, linakaa huko miaka, na mama akiwa mjamzito mifupa hulitoa tena kwenye damu. Kondo la nyuma halilizuii. Madhara yake kwa mtoto ni ubongo kwanza. Juu ya hapo kuna mlio wenyewe, unaozidi desibeli 140: vizibo vinalinda masikio ya mama, lakini mtoto tumboni, ambaye anaanza kusikia kuanzia nusu ya mimba, hana wa kumziba.

Daktari tuliyemwona hakutupigia kelele. Alimpima kiwango cha madini kwenye damu, kikaonekana cha chini, akasema hilo ni jambo zuri na sababu nzuri ya kukiacha hapo hapo. Akaeleza anachowaambia wapigaji wote, wajawazito na wasio wajawazito: nawa mikono na uso kwa maji ya baridi na sabuni kabla ya kula chochote, usile wala kunywa kwenye kiwanja, badilisha nguo kabla ya kuingia nyumbani, sare ifuliwe peke yake. Uamuzi akatuachia.

Nikiri kwamba nilikuwa na maoni yangu. Nilitaka aache siku ile ile. Lakini miaka minne ya kushika saa ilinifundisha kwamba kuna wakati wa kupiga makofi na wakati wa kukaa kimya. Nilimwambia maoni yangu mara moja, kwa sentensi moja, kisha nikaenda kununua mkaa. Alikaa na swali lake siku nne. Siku ya tano alienda kwa kocha akarudisha namba yake.

Yule mzee, nasikia, hakusema pole. Alimuuliza, "Nani anakaa pale pako?" Afande akamtaja binti mmoja wa mwaka wa pili kazini, mwenye mkono mzuri na hasira nyingi. Kocha akamwambia basi kazi yako ni hiyo hasira.

Kwa hiyo kuanzia Aprili sebule yetu ilipata mgeni. Jumanne na Alhamisi jioni, binti anashuka kituo cha Manzese, anavua viatu mlangoni, anamsalimia mke wangu "shikamoo dada" na mimi "shikamoo shemeji", anashika chupa. Mimi napiga makofi. Afande amekaa kwenye kochi na miguu juu ya stuli, macho kwenye kidole cha mwenzake. Hasemi sana. "Umekamua." "Umechungulia." "Hiyo ilikuwa nzuri, usiifikirie." Siku moja binti alilia, siyo kwa sababu ya shabaha, kuna kijana alikuwa anamchezea akili, na kipindi kizima kikaisha kwenye hiyo habari na chai ya tangawizi. Niliandika kwenye daftari: mazoezi, dakika 90.

Kwenye mashindano yenyewe mke wangu hakuingia kiwanjani. Alisubiri nje mbali na vumbi, chini ya mwembe, na mimi nimebeba mto wake wa kukalia. Kutoka pale husikii pointi, unasikia milio tu. Zile za sekunde 3 alizihesabu kwa vidole juu ya tumbo, na kwenye ya nne ya mfululizo wa pili akasema, "Kavuta haraka." Binti alishika nafasi ya nne. Pointi mbili nyuma ya wa tatu. Alitoka amefura, anatafuta wa kumlaumu, na Afande alimkaribisha kwa swali moja tu: uliona kijino? Binti akafikiri. Akasema ameona, isipokuwa moja.

Sasa tuko mwezi wa saba. Mtoto anapiga teke usiku, hasa kigodoro kikianza. Chupa bado inainuliwa, lakini ya nusu lita, na daktari anajua. Mazungumzo yaliyopo sasa ni ya kurudi: mama anayenyonyesha naye anatakiwa aangalie hayo madini, kwa hiyo tumepanga damu ipimwe tena kabla hajagusa risasi ya kwanza, na mwanzo wake uwe kwenye kiwanja cha wazi chenye upepo, siyo cha ndani. Anataka msimu ujao. Mimi nimesema msimu wa baada ya huo. Tumekubaliana kwamba sare itafuliwa kwenye ndoo yake, kambini kukiwa na maji au nyumbani kusipokuwa na njia, na mfuaji ni mimi. Kuhusu msimu, mazungumzo yanaendelea Jumapili.